Mtungi wa bibi ulinifikisha Ikombe

Wiki mbili ukurasa huu ulikuwa bila mimi, na nimesikia wapo waliosema nimefukuzwa, wengine eti nimeoa. Hakuna cha kufukuzwa wala cha ndoa. Nilikuwa Ikombe, mwambao wa Ziwa Nyasa, nabeba udongo kichwani kama kibarua.

Kisa chote kilianzia kwenye friji. Nilipopata vijisenti vyangu nilisema nimnunulie bibi friji, la mtumba lakini zima, ili naye anywe maji baridi kama watu wa Masaki. Bibi anakaa Temeke, chumba na sebule, na kwenye kona ya sebule ulikuwepo mtungi wa udongo uliokaa juu ya kata ya nguo kuukuu, umefunikwa kisahani, na juu ya kisahani kikombe cha bati. Mtungi huo ulinizidi umri. Babu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori, na aliuleta kutoka Kyela mwaka 1978 ukiwa umeviringishwa kwenye godoro. Sasa mimi na mshikaji wangu tunalisukuma friji liingie pale pale kwenye kona, mara nikasikia "ngwa!" Maji miguuni, vigae kila mahali.

Bibi hakugomba. Hilo ndilo lililoniuma. Aliokota vigae kimoja kimoja akaviweka kwenye beseni, akafagia, akasema, "Bahati mbaya, mjukuu wangu." Siku ya tatu nikamkuta anakunywa maji ya ndoo. Nikamuuliza, bibi, na friji je? Akasema maji ya friji yanamuuma meno, halafu umeme ukikatika yanakuwa kama ya kuoshea vyombo.

Nikaingia mtaani kutafuta mtungi. Ndugu yangu, Dar es Salaam ya leo ukiulizia mtungi unaulizwa, "Wa gesi kilo ngapi?" Mwishowe nikaona vyungu vimepangwa kando ya barabara, nikachagua kimoja kikubwa kizuri, shilingi 30,000, nikakipeleka kwa mbwembwe. Bibi akakigeuza juu chini, akanionyesha tundu kwenye kitako. Kumbe ni chungu cha maua! Alicheka hadi akakaa chini. Alipomaliza kufuta machozi akasema, "Kama unataka mtungi wa maji, nenda kwa Wakisi, alikokwenda babu yako."

Alisema kwa utani. Mimi sikuchukulia utani.

Kutoka kituo cha Magufuli pale Mbezi hadi Kyela ni kilomita zaidi ya 900, na sitakuchosha nazo. Mikumi tuliona twiga, Kitonga abiria wote wakawa wacha Mungu, Makambako baridi ikaingia hadi kwenye mifupa. Ukifika Uyole unaiacha barabara kuu ya kwenda Mbeya mjini, unakata kushoto kuifuata Tukuyu, na hapo ndipo macho yanafunguka. Mlima Rungwe huu hapa, migomba, chai, mvua isiyokuwa na ratiba. Halafu gari linaanza kushuka, linashuka, masikio yanaziba, sweta linavuliwa, na unapokanyaga Kyela ni joto kama umerudi Dar. Jirani yangu kwenye kiti, mama wa Kinyakyusa, alinifundisha kusalimia "mugonile" na kushukuru "ndaga fijo". Maneno hayo mawili yalinilisha wali wa Kyela bure siku ya kwanza, na ule wali, jamani, harufu yake peke yake ni mboga.

Kutoka Kyela unapita Ipinda, katikati ya mashamba ya mpunga na kakao, mpaka Matema, na Matema ndiko nchi tambarare inakoishia. Milima ya Livingstone inasimama wima na kuzamisha miguu yake ziwani. Upande huu Wanyakyusa wana tambarare yao, juu milimani wako Wakinga, na katikati, kwenye ukanda mwembamba wa mwambao unaoelekea hadi Ludewa mkoani Njombe, ndiko kwa Wakisi. Shamba la maana utalipata wapi? Miteremko ile hata mbuzi anafikiri mara mbili. Wanaume wanavua samaki. Wanawake wanafinyanga, na tangu zamani vyungu vyao ndivyo vilivyowaletea chakula kutoka kwa wenye mashamba.

Soko lenyewe liko Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matema, na siku yake ni Jumamosi. Niliwahi asubuhi nikakuta mitumbwi inaingia, imejaa vyungu vilivyopangwa na kutiwa nyasi katikati visigongane. Mchangani vyungu mia na mia, vya mboga, vya wali, vya kubandikia maharage, vyenye mabega mekundu na michoro myeupe. Wachuuzi wanatembea wakivigonga kwa vidole, wananunua kwa mkupuo, wanapakia magari ya kwenda Mbeya na kwingineko.

Mimi mtoto wa mjini nikajifanya mjanja. Nikamwendea mama mmoja wa makamo, rika la mama yangu mzazi, nikampa shikamoo, akaitikia, nikaulizia chungu kidogo cha mboga.

"Elfu nane, mwanangu."

"Mama, nipe kwa elfu nne."

Tulivutana karibu nusu saa. Nikatumia maneno yote ya Kariakoo, nikajifanya naondoka, nikarudi, mwishowe akanipa kwa shilingi 5,000. Nikajiona bingwa. Kumbuka huo ushindi wangu, tutaurudia.

Mitungi ya maji ilikuwa michache sana, na ile mikubwa ilishachukuliwa na mchuuzi wa lori. Yule mama akaniambia watu siku hizi hawaagizi mitungi, kila nyumba ina ndoo na madumu, hivyo wanafinyanga vya kupikia vinavyotoka haraka. Lakini nyumbani kwake Ikombe upo mmoja, ameshaufinyanga, bado kuchomwa. Atachoma Alhamisi. Nikamwambia Alhamisi natakiwa niwe Dar nimeshakaa kitini naandika, tiketi ya kurudi ni ya Jumanne jioni. Akanitazama, akasema, "Basi njoo uuone kwanza."

Tulipanda mtumbwi mapema kabla mwera haujaamka. Mwera ni upepo wa ziwani, na ukivuma mtumbwi unakuwa kifuniko cha soda. Saa moja na ushee tunakwenda kando ya milima, maji meusi kwa kina, mimi nimeshika mbao kwa mikono miwili huku mama anapiga soga na wenzake kama wako sebuleni.

Mtungi nikauona. Msomaji wangu, ulikuwa mzuri! Shingo nyembamba, tumbo la mviringo, ukuta mwembamba hadi unashangaa umesimamaje. Lakini rangi yake ilikuwa bado ya kijivu, na uliwekwa ndani, mbali na jua na upepo. Nikauliza kwa nini usianikwe juani ukauke haraka. Mama akasema jua linakausha upande mmoja, mwingine unabaki nyuma, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Udongo ukikauka unasinyaa. Ukisinyaa kwa zamu, unajipasua wenyewe.

Jumapili watu walikwenda kanisani, hakuna kazi. Jumatatu wakanichukua kwenda kuchimba, na hapo ndipo wanawake wa Ikombe walipocheka mpaka wakashika mbavu, maana mwanaume anayefuata udongo wa vyungu si kitu cha kila siku. Tulipanda njia ya mbuzi hadi kwenye shimo lenyewe. Udongo haubebwi tu kwa sababu ni udongo. Wa juu, wenye mizizi, unatupwa. Mama aliingia shimoni na jembe, akakata kipande cha chini kilicholowa, akakibinya, akakiviringisha kama tambi na kukizungusha kwenye kidole chake. Kikapasuka. Akakitupa. Akasogea hatua mbili, akajaribu tena, kikazunguka kidole bila ufa, akasema, "Hapa." Kisha akatia chembe mdomoni akaisaga kwa meno ya mbele kusikia kama ina mchanga mwingi. Nami nikajaribu. Nilisikia ladha ya mvua, basi.

Aliniambia nisikae chini ya ukingo wa shimo, kwa kuwa ukingo wa udongo uliolowa unaporomoka bila taarifa. Nikabeba beseni moja kwenda kijijini. Moja tu! Shingo ikawa kama imepigwa rungu. Binti yake, wa umri wa kidato cha pili, alibeba la kwake na la pili akashuka huku anaimba.

Hapo chungu hakijaanza bado. Udongo unatolewa mawe na mizizi, unapondwa, unalowekwa, unakandwa. Mama alitia mchanga kidogo na kuniambia bila huo chungu hakistahimili moto. Halafu akakaa chini, akaweka bonge juu ya gae kuukuu la chungu kilichovunjika, na hilo gae ndilo mashine yake. Mkono mmoja unalizungusha, mwingine uko ndani ya bonge unasukuma nje, na ukuta unapanda. Bunzi la hindi kulainisha, kipande cha kibuyu kuparua, jani lililolowa kuzungushia mdomo. Kesho yake, kikishashika, anakigeuza na kukiparua kitako kiwe cha mviringo, baadaye anakisugua kwa jiwe laini la ziwani hadi king'ae. Nami alinipa bonge langu. Sitaeleza kilichotokea. Watoto wa pale walikipa jina, na jina lenyewe haliandikiki gazetini.

Mchana tukala. Samaki na ugali wa muhogo, kwenye sahani za plastiki. Maji ya kunywa yalitoka kwenye ndoo. Mboga ilikuwa kwenye chungu kilichopasuka mdomo, ambacho hakuna ambaye angekinunua. Nilikumbuka ule msemo wa shuleni, mfinyanzi hulia gaeni, nikamtania mama. Hakucheka sana. Akasema, "Kizima ni pesa, baba. Kizima tunakulaje?" Nikatazama kile chungu changu cha elfu tano kilichokuwa kwenye begi. Toka kuchimba hadi kuchoma ni siku kumi na zaidi, na mimi niling'ang'ania shilingi elfu tatu kama naokoa taifa.

Ungetegemea baada ya hapo nimekuwa mtu mzima. Wapi! Jioni hiyo nilianza upya, ila sasa siyo bei, muda. Mama, nichomee mtungi wangu kesho asubuhi, mchana nipande mtumbwi, jioni niwahi basi. Akaukumbatia mtungi, akaulaza shavuni kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Bado wa baridi," akasema. "Una maji huu." Kwa mkono wangu ulikuwa mkavu kabisa. Nikaongeza dau, nitalipa 25,000 badala ya 20,000. Akanyamaza. Binti yake alikuwa anadaiwa mchango shuleni, nilishasikia wakizungumza, na najua kabisa nilichokuwa nafanya nilipotoa noti mfukoni mbele yao. Akasema, "Haya. Ila wewe ndiye uliyesema."

Jumanne alfajiri akawasha moto mdogo kwanza, akavizungushia vyungu pembeni kuvipasha, na mtungi wangu akaupasha muda mrefu kuliko vingine vyote. Kisha akavipanga kwenye kuni, vyungu kumi na moja na mtungi wangu, akafunika kwa kuni nyembamba na majani makavu, akatia moto. Hakuna tanuri. Ni uwanjani tu, na moto unaopanda hadi huwezi kusogea. Mimi nilikuwa nimeshafunga begi. Nikamwambia binti anipige picha na simu.

Hapo ndipo ikasikika "pwaa!" Nilidhani bunduki. Cheche zikaruka, kigae kikanipita karibu na goti. Kisha "tak, tak", vingine vinajibu. Mama hakukimbia wala hakupiga kelele. Alisimama mikono kiunoni anahesabu kwa masikio.

Yale maji niliyosema hayapo yalikuwa yamejificha ndani ya ukuta. Moto ulipokuja kwa nguvu yakawa mvuke, mvuke ukakosa njia, ukajitengenezea. Habari za maji na mvuke nilizisoma shuleni, na nina cheti cha kidato cha nne kilichotiwa plastiki. Mama aliyeishia darasa la saba ndiye aliyeuona mvuke huo kwa shavu.

Moto ulipopoa tukachambua majivu. Mtungi ulikuwa vipande vipande. Vigae vyake vilikuwa vimevunja vyungu vitatu vya jirani zake, na viwili kati ya hivyo vilikuwa oda ya mtu, vimeshalipiwa nusu. Nikaanza kusema pole, samahani, sikujua. Akanikatisha, taratibu kabisa. "Pole haijazi beseni. Lipa vyote vinne."

Nikalipa. Elfu ishirini na tano za mtungi, na vile vitatu kwa bei ya kwanza, elfu nane nane. Sikuomba kupunguziwa hata senti. Nilibaki na hela ya kufika Kyela, na basi langu likaondoka bila mimi.

Nilikaa hadi Ijumaa. Kulikuwa na mtungi mwingine, mdogo zaidi, aliofinyanga kabla ya ule, na huu ulikuwa umekauka muda mrefu, ila alikuwa ameuweka kwa dada yake. Akasema nitaupata, lakini kuni nikate mimi. Nikakata kuni. Nikabeba udongo mara nne nyingine, na shingo ikazoea kidogo. Kwa simu nilikopa nauli kwa kaka yangu, ambaye hadi leo ananitumia ujumbe kila asubuhi. Ijumaa moto ukawashwa, nami nikakaa mbali nimeziba masikio kama mtoto. Haukulia hata mmoja. Mtungi ulitoka mwekundu wenye doa jeusi ubavuni, pale moto ulipouramba. Mama akaugonga kwa kidole, ukajibu "nging!" kama kengele ndogo. Kilichopasuka, akaniambia, hata kama huuoni ufa, kinajibu kama ubao.

Huo alinipa kwa elfu kumi na mbili. Nikamwambia kwa kuniharibia safari angenipa bure, nikitania. Akasema kwa kumharibia moto ningelipa elfu ishirini, naye sijui kama alikuwa anatania.

Safari ya kurudi, utingo alitaka kuutia kwenye buti. Nikakataa. Akataka nauli ya mtu mzima, tukaelewana nusu. Nikauweka mapajani nimeufunga khanga, na kutoka Kyela hadi Mbezi nimeukumbatia. Kila tuta nilipaa nao. Makambako dada mmoja aliniuliza kama ni majivu ya marehemu. Kitonga sikufumba macho. Miguu ilikufa ganzi kuanzia Iringa.

Bibi alikuwa ameketi barazani. Hakusema asante wala karibu. Aliunyanyua, akaugeuza kutafuta tundu (tulicheka wote), kisha akaugonga kwa kidole. "Nging!" Akatikisa kichwa. "Bei gani?"

Nikamwambia yote, na vile vinne, na kuni, na shavu la mama. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na babu yako alivunja viwili," akasema. "Mimi alisema kimoja, lakini utingo wake aliniambia."

Mtungi mpya haunywewi siku hiyo hiyo, unajazwa, unamwagwa, unajazwa tena hadi ladha ya udongo ipungue. Ubavuni unatoa jasho, yale maji yanayopenya kwenye vitundu visivyoonekana na kukauka kwa hewa, na ndivyo ya ndani yanavyopoa. Siku ya nne bibi alinichotea kikombe. Ni baridi ya kuburudisha koo, siyo ya kuuma meno. Friji nalo lipo, tumelisogeza upande wa mlango. Bibi anagandishia barafu za ubuyu, anawauzia watoto wa jirani shilingi mia mia, na wiki iliyopita alinikopesha hela za kumlipa kaka.